Bah Shanbor Mpima Mvua na Leseni Iliyochelewa

Mchungaji, wazee wa mtaa wa Khliehshnong, ndugu waombolezaji, familia inaomba radhi mapema, kwa kuwa historia hii ilipaswa kusomwa na mtu mwenye sauti ya kanisani, lakini wenye sauti hiyo wote wanalia, akabaki mmoja tu, Teibor Kharkongor, mdogo wa mjane, ambaye kazi yake ni kuchekesha watu jukwaani, basi akikosea tarehe msicheke, na akipatia msipige makofi.

Marehemu Bah Shanbor Syiemlieh alizaliwa tarehe 4 Septemba 1958 kijijini Mawphlang, mtoto wa tano kati ya saba wa marehemu Kong Thrina Syiemlieh, akasoma shule ya misheni ya hapo hapo hadi mwaka 1974, kisha akaendelea Shillong, alikomaliza masomo mwaka 1979 akiwa na cheti cha hesabu na jozi moja ya viatu. Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa hapa Sohra, kazi yake ikiwa kupima mvua, na kwa mvua zetu hizi hakuna aliyewahi kumwona amekaa bure, akaifanya miaka thelathini na minane, na mtu akimwambia, "Bah, leo imenyesha sana," alijibu, "Sana si namba."

Tarehe 12 Novemba 1988 alifunga ndoa na Kong Balari Kharkongor, akahamia nyumbani kwa mama mkwe wake kama ilivyo desturi yetu Wakhasi, wakajaliwa watoto wawili, Daphisha mwaka 1990 na Kitbok mwaka 1993, wote wapo hapa, na wote kwa bahati nzuri wamefuata akili za baba yao, si za mjomba.

Jumapili tarehe 14 Julai 1991, baada ya ibada, marehemu alikuwa akizungusha redio kuukuu iliyotupwa na ofisi yake, akanasa sauti ya mzee mmoja, Sagynbek, mwalimu mstaafu wa Naryn, huko Kirigizia, aliyekuwa akimwita yeyote anayemsikia na kuuliza, "Huko kwenu kunanyesha?" Marehemu alikuwa na jibu kamili mfukoni, milimita mia mbili themanini na sita nukta nne, hana pa kulipeleka, kwa maana kusikiliza redio ya ridhaa hakutaki leseni, kusema ndiko kunakotaka, na leseni ilitaka mtihani wa msimbo wa Morse, vile vitone na vistari, ambao ni shida kujifunza peke yako, mmoja hugonga, mwenzake huandika. Tena antena ilitaka paa, na paa lilikuwa la mama mkwe, nasi tunajua mume hapigi hata msumari katika paa la ukweni bila kauli ya ndugu wa kiume wa mkewe.

Ndipo alipomwendea Teibor, kijana wa miaka ishirini na moja wakati huo, na tambuu mkononi.

"Shemeji, njoo tuwe na mchezo mmoja."

"Mchezo gani, Bah?"

"Kuzungumza na watu tusiowajua."

"Mbona mimi nafanya hivyo jukwaani kila Jumamosi, na hawacheki."

"Hawa wangu watajibu."

Paa likapatikana, mianzi miwili ikasimamishwa, waya ukavutwa, na kila jioni wawili hao wakawa wakigonga vijiko juu ya mfuniko wa sufuria, hata mama mkwe akawauliza majirani kama kuna nyumba nyingine yenye vigogota wawili na haina mti. Mkono wa marehemu ulikuwa sawasawa kama tone la upenuni, lakini Teibor alikuwa na mazoea ya jukwaani, kila akikaribia herufi ya mwisho alinyamaza kidogo, ili watu waisubiri, na marehemu, mtu wa heshima, akazoea kusubiri.

Machi 1992 wakaenda Shillong kufanya mtihani, Teibor akafaulu, maana alifundishwa na mkono mzuri, marehemu akaanguka. Mwaka 1993 akaanguka tena, na afisa mtahini akamuuliza, "Wewe, katikati ya neno unasubiri nini? Nani alikufundisha?" Marehemu akasema ni shemeji yake. "Basi badili shemeji," akasema afisa, ambaye hakuwa Mkhasi, hakujua kwamba ukibadili shemeji umebadili na paa. Mwaka 1994 akaanguka mara ya tatu.

Miaka yote hiyo, kila Jumapili saa kumi, aliyeshika kipaza sauti alikuwa Teibor mwenye leseni, na marehemu akiketi ubavuni, haruhusiwi kusema neno, na Mzee Sagynbek akiuliza kama kunanyesha, Teibor alijibu, "Kiasi."

"Mia tatu na kumi na mbili!" marehemu alinong'ona. "Mwambie kamili, shemeji!"

"Bah, mzee wa watu anajulia hali tu, hakuomba ripoti."

Januari 1995 Kong Balari, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alipoteza uvumilivu. "Teibor, unamfundisha mume wangu au unamfanyia maigizo? Lete kijiko hicho." Kwa miezi minne mke akagonga, mume akaandika, mwezi Mei akafaulu, leseni ikafika tarehe 16 Juni, na Jumapili ya tarehe 18, amevaa tai ya kanisani, marehemu akaiita Naryn kwa sauti yake mwenyewe. Akajibu mwanamke.

"Mimi Ainura, binti yake. Baba alifariki mwezi Aprili. Nani mwenzangu?"

Marehemu akasema, "Mimi ni wa Sohra. Nilikuwa pembeni."

"Aa, wewe! Baba alisema nyuma ya yule wa 'kiasi' kuna mtu ananong'ona namba. Alikuwa akizitegea sikio. Leo ni ngapi?"

"Mia moja arobaini na mbili nukta sita."

"Ngoja niandike katika daftari lake."

Akaandika, na tangu siku hiyo hadi Jumapili yake ya mwisho, miaka ishirini na minne, marehemu alimsomea mvua ya wiki. Teibor alimngoja barazani siku ile, ameandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini marehemu alimpa tambuu tu, akasema, "Jumapili ijayo usikose, shemeji."

Marehemu alianza kuugua figo Machi 2019, akalazwa Shillong mara mbili, na Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2019, saa tano asubuhi, akatutoka akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika jadoh, wali wetu wa nyama, bila kuitwa, wenzake wa kituo cha hali ya hewa, na marafiki wa hewani, akiwamo Bi Ainura aliyetuma salamu jana.

Nenda salama, shemeji, ukale tambuu mlangoni kwa Mungu.

Mwisho, familia inatangaza kwamba marehemu aliacha ameandika historia yake mwenyewe, mistari tisa, ya kusomwa kwa dakika mbili, na kwamba alitakiwa kuzikwa saa saba kamili, sasa ni saa nane kasorobo, basi anayeuliza nani tena amemchelewesha Bah Shanbor, amtazame huyu anayesoma.