Mbegu Kutoka Mkono Uliofungwa

Asifiwe Mungu aliyeniamsha leo, nikavaa koti hili bila kumwita mtu anisaidie. Mtaelewa kwa nini naanza na koti.

Ndugu zangu, nasema Kiswahili, si Kijaluo, ili wenzetu waliotoka Kehancha nao wasikie. Katibu anaandika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Muda mfupi baada ya uhuru nilikuwa nalima shambani kwangu, hapa Migori. Fahali aliona nyoka akaruka, na kamba yake nilikuwa nimeizungusha mkononi. Bega la kulia likateguka. Jirani akanivuta mkono, likarudi kwa mlio ambao nausikia mpaka leo.

"Jaduong', mzee wangu, umepona," akasema. Nikamwamini.

Sikupona. Bega likawa linatoka lenyewe. Nikijigeuza kitandani, linatoka. Nikivaa koti, linatoka. Kila mara walinivuta, na kila mara walinipongeza.

Kisha ikaja ile Jumapili. Wengi wenu mlikuwepo. Niliinua mkono kuwaombea wagonjwa, bega likatoka katikati ya sala. Nikapiga yowe, "Uwi!" Nanyi mkajibu, "Haleluya!" Nikaanguka magotini, ngoma zikazidi. Mama mmoja akasema, "Roho amemshika mzee!"

Cheka tu, mama, najua uko hapo. Lakini nawaambia, siku ile sikuwa na sala, nilikuwa na maumivu matupu. Mke wangu ndiye aliyenitazama usoni. Akaweka viganja vyake juu ya ngoma. "Nyamazeni! Huyu anakufa!"

Tukapanda basi mpaka Homa Bay. Daktari akaitazama picha ya bega, akasema, "Mzee, mifupa yako ni mizima."

Nilishtuka. Nilidhani ananiita mwongo. Ndipo akanishika sikio, akalipinda taratibu.

"Hiki kinachopindika si mfupa. Kinaitwa gegedu. Ndani ya bega kuna ukingo wa namna hii, unaozuia kichwa cha mfupa kisiteleze. Wako umechanika. Waliokuvuta walirudisha mfupa, lakini ukingo hawakuufikia. Inabidi tupasue, tuushone."

Ndugu zangu, nina wajukuu, na sikujua kwamba nimebeba kitu kama sikio ndani ya bega!

"Mkono utafungwa kifuani majuma mengi," akaendelea. "Ukiuinua mapema, kazi yote imeharibika."

Nikakubali. Nikapewa dawa ya usingizi, nikaamka nimefungwa kama mzigo. Siku zile zile mvua ikaanza kunyesha, nami nikavunjika moyo. Ninyi wa Kehancha huenda hamjui: kwetu Wajaluo, vijana wa boma hawapandi mbegu kabla ya baba yao, wasije wakapatwa na balaa. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini sikutaka wanangu walime kwa hofu, wala wajukuu wangu walale njaa kwa ajili ya bega langu.

Mwanangu mkubwa akaja hospitalini. "Baba, majirani wamemaliza kupanda."

"Nanyi pandeni."

"Wewe ungali hai, nani atakutangulia?"

"Basi nitapanda kwa mkono wa kushoto."

Akatazama chini. "Baba, kwa mkono huo hata salamu hatupokei."

Hata kuomba sikuweza. Mke wangu, aliyekuwa anamenya ndizi kando ya kitanda, akauliza bila kuinua kichwa, "Daktari amekataza bega. Na vidole amevikataza?"

Tukamwita daktari. Akacheka. "Vidole? Nataka avichezeshe kila siku!"

Waliponiruhusu kurudi nyumbani, tulipitia shambani kwanza. Mke wangu akachimba shimo kwa jembe. Akaweka mbegu za mahindi katika kiganja changu cha kulia, pale pale kilipofungwa kifuani. Nikainama kadiri nilivyoweza, nikafungua vidole. Nyingine ziliingia shimoni, nyingine zikaniangukia miguuni. Akazisukuma ndani kwa unyayo wake.

Kisha mwanangu akawapigia mluzi ng'ombe, na plau ikaanza kutembea.

Bandeji zilipofunguliwa mkono ulikuwa mwembamba kama mpini. Niliambiwa nitambaze vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Nililia mbele ya ukuta ule. Leo mkono unafika hapa, usawa wa sikio, hauendi zaidi. Lakini bega halijatoka tena.

Namshukuru daktari na wauguzi. Namshukuru jirani aliyenivuta, kwa sababu alinipa alichokuwa nacho. Mke wangu nitamshukuru mpaka kaburini. Nanyi nawaomba: maumivu yanayorudi rudi hayajapona, hata watu wakikupongeza. Nenda ukaangaliwe. Na ukijikuta umefungwa, tafuta kwanza kilichobaki wazi, hata kama ni vidole tu.

Mahindi yaliyo mbele ya madhabahu leo yametoka katika shamba lile. Sasa nauinua mkono huu huu. Msipige ngoma bado. Wewe unayenisikia, nawe utakayesoma aliyoandika katibu, Bwana akushikilie mahali palipochanika usipopaona, akujalie mtu wa kukutazama usoni wengine wanapoimba. Amina.