Alama Aliyoifuta Marehemu Jawad

Ndugu zetu mliokuja kumsomea hitma Jawad, na kina mama mnaotusikiliza kwa kipaza sauti huko ghorofani, mimi ni Baqir Kurban, kaka wa marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha yake, na karatasi niliyoandikiwa na wajomba nimeiacha nyumbani, hii nimeiandika mwenyewe.

Jawad Kurban alizaliwa Kiponda, Mji Mkongwe, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Kurban muuza saa, alikuwa mwerevu tangu utotoni, na tangu utotoni kikombe akikivunja yeye, aliyepigwa ni mimi. Alisoma skuli hapa hapa mjini hadi mwaka 1999, akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akarudi Novemba 2005 na cheti chake, na kuanzia siku hiyo hakukubali tena kusahihishwa na mtu. Mwaka 2009 alifungua ofisi ya kutengeneza programu za kompyuta huko Hurumzi, na tarehe 2 Julai 2010 alimuoa Shamshad, wakajaaliwa binti mmoja, Alia, ambaye yuko juu na mama yake, na wote wawili wameniruhusu niyasome haya.

Januari 2021 alimwajiri Nassra Duni wa Chwaka, binti wa wakulima wa mwani. Machi 2023 kliniki moja binafsi iliwapima figo watu sitini na watatu, Jawad akiwa mmoja wao, na programu yake ndiyo iliyotakiwa kumpelekea kila mtu majibu kwa simu. Mimi nauza saa, kompyuta siijui, lakini nimeelezwa kuwa katika lugha aliyoitumia unaweza kuifunga kazi kama kifurushi, ikafanyike baadaye, na mwanzoni, ndani ya mabano ya mraba, unataja kifurushi kibebe nini. Ukilitaja jibu peke yake, kifurushi kinalinakili na kuondoka nalo, lakini ukilitangulizia ile alama ya "na" iliyopinda kama fundo, hakinakili kitu, kinakumbuka tu jibu liliwekwa wapi, na wakati wa kutuma kinakwenda pale kuchukua kitakachokikuta. Nassra aliiona alama hiyo mapema katika programu ya Jawad, akamwambia aifute, naye akamjibu mbele ya wateja, "Wewe n'nakulipa uandike, hukuja kunisomesha."

Tarehe 6 Machi vifurushi vyote sitini na vitatu vilikwenda mahali pamoja, ambapo kila jibu lilikuwa limewekwa juu ya lililotangulia, vikakuta jibu la mtu wa mwisho kwenye orodha, Wakil, mcheza mpira wa Jang'ombe mwenye miaka kumi na tisa, na kila mtu akaambiwa figo zake nzima, hata Bi Hija, ambaye wiki hiyo hiyo damu yake ilikuwa ikisafishwa kwa mashine.

Jawad aliiambia kliniki kuwa Nassra ndiye aliyeingiza majibu ovyo, yote isipokuwa lake yeye, alilolichapa kwa mkono wake mwenyewe. Akamfukuza tarehe 10 Machi saa sita mchana, akaziandikia barua ofisi za mjini zisimwajiri, na baba yake Nassra alipokuja kutaka suluhu, niliyemfungia mlango ni mimi.

Kliniki ilitoa majibu upya kwa bahasha. Ya kwake Jawad aliitia kwenye mtoto wa meza bila kuifungua, kwa sababu kwenda kutibiwa kungekuwa kukiri kuwa kosa lilikuwa la programu yake, maana jibu lake Nassra hakuligusa. Juni 2024 alivimba miguu, akalaumu viatu. Alifikishwa hospitali Septemba 2025, figo zimekwisha, akafariki Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, kwa maradhi ambayo madaktari wanasema mwaka 2023 yalikuwa na dawa.

Bahasha Shamshad ameikuta ingali na gundi yake. Juzi tulimwita Nassra, akaifungua kompyuta mbele yetu, na kumbukumbu zikaonyesha kuwa ile alama ilifutwa na Jawad mwenyewe tarehe 10 Machi 2023, saa nane mchana, saa mbili baada ya kumfukuza.

Tunawashukuru madaktari, tunawashukuru majirani wa Kiponda waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao wawili kati yao walijua na wakanyamaza, tunawashukuru kwa kuja.

Desturi ya msiba ni kuwaomba waliokosewa na marehemu wamsamehe. Wengine wote tunakuombeni. Nassra hatumwombi, amekaa juu na kina mama, mikono imechanika kwa kamba za mwani, na siku atakayotaka kusamehe atasamehe mwenyewe, hata ikiwa ni baada ya miaka.

Mdogo wangu, nilikupenda. Pumzika kwa amani, Nassra akikupa.