Jumamosi za Mzee Luzolo, na Jina Aliloliacha

Mheshimiwa Padri, wazee wa ukoo wa mama na wa ukoo wa baba, majirani wa Lemba, nanyi nyote mliokesha nasi tangu Jumapili, familia imekubaliana kuwasomea maisha ya mpendwa wetu kama yalivyo katika hati alizoziacha, na pale ambapo hati zinapingana tutasema hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe asingetuvumilia tufanye vingine.

Mzee Donatien Makiese Luzolo alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1940 katika kijiji cha Kimbanda, karibu na mji ulioitwa Thysville, ambao leo ni Mbanza-Ngungu, akiwa mtoto wa tatu wa Joseph Luzolo, fundi wa reli, na Maria Lusiama, mkulima; cheti cha ubatizo kinasema 1941, lakini daftari la misheni, lililoandikwa wiki ileile aliyozaliwa, linasema 1940, na familia inashika la misheni. Jina la Donatien liliondolewa katika hati zake mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku nchini, likarudi mwaka 1990, naye alizoea kusema kwamba kwa miaka kumi na minane Donatien alikuwa likizo bila mshahara.

Kama ilivyo desturi yetu Wakongo, aliyemlea zaidi ni mjomba wake, Ngoma Nsilu, ambaye alikuwa nzonzi, mdomo wa ukoo, mtu anayesimama kusema kwa niaba ya wenzake katika posa, misiba na kesi za ardhi, na ni kwa mjomba huyo alikojifunza lile lililokuja kuwa kazi ya maisha yake: kwamba kabla hujamjibu mtu sharti umrudishie kwanza neno lake, ulitamke mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba umemsikia, na asipokiri huna ruhusa ya kujibu, hata kukipambazuka.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi 1953, kisha sekondari huko Kisantu hadi Juni 1959, alikopata cheti chenye alama za juu katika Kilatini na za chini katika michezo. Mwaka 1960 aliingia mafunzo ya ukarani wa mahakama mjini Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akaajiriwa tarehe 2 Aprili 1962, akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa masjala ya mahakama moja ya Kinshasa, na akastaafu tarehe 30 Septemba 2003, akiwa hajapoteza jalada hata moja, isipokuwa yale matatu yaliyoliwa na mchwa mwaka 1985, ambayo aliyataja mpaka mwisho kana kwamba ni ndugu waliozama mtoni.

Tarehe 27 Julai 1968 alifunga ndoa na Albertine Nlandu, mwalimu, katika parokia ya Lemba, baada ya posa iliyochukua siku mbili, kwa sababu mdomo wa upande wa bibi harusi alikuwa hodari kuliko wa upande wetu, na mama mwenyewe husema hadi leo kwamba alimkubali mume huyu siku ya pili, pale alipomwona bwana harusi akitikisa kichwa kuafiki hoja za wakwe zake dhidi yake. Mungu aliwajalia watoto wanne: Lusiama mwaka 1969, Nsilu mwaka 1972, Wumba mwaka 1975, aliyetutangulia mwaka 1998, na Matondo mwaka 1980, pamoja na wajukuu kumi na mmoja.

Hatuwezi kusoma maisha ya mzee huyu bila kusimama kwenye Meza ya Jumamosi, iliyoanza tarehe 5 Oktoba 1974 kwenye baraza ya nyumba yake, yeye na wenzake wanne wa mahakamani, kati yao rafiki yake mkubwa, Wakili Philémon Onema, Mtetela wa Sankuru, na redio moja iliyokuwa inashika mbali. Wakati ule mambo ya nchi yetu hayakuwa ya kubishaniwa, kwa hiyo walibishana juu ya mambo ya watu wengine: bahari kuu ni ya nani, Namibia itoke vipi mikononi mwa Pretoria, vikwazo vya biashara vinamwadhibu mkosaji au mpishi wake, taifa lina haki gani ya kuvuka mpaka kumwokoa jirani anayepigwa nyumbani kwake. Kabla ya kuanza, Mama Albertine alifunika sahani yenye vipande vya kokwa za kola na vya tangawizi, kila mmoja akachomoa bila kutazama, aliyepata kola akatetea, aliyepata tangawizi akapinga, awe anaamini au haamini, na kila jibu lilitanguliwa na kurudisha neno, kama alivyofundisha mjomba. Sheria nyingine aliiweka Mzee Luzolo mwenyewe, nayo ilikuwa kwamba hakuna jina la mtu wa nchi hii litakalotamkwa mezani, awe mkubwa au mdogo, kwa sababu jina lililotamkwa Lemba Jumamosi liliweza kufika ofisi mbaya Jumatatu.

Sheria hiyo ilikuwa na maana, maana tangu mwaka wa pili alikuwepo Raia Bokungu, kama ilivyotulazimu kuitana wakati ule, ambaye kila mtu alijua ametumwa na usalama, akakaribishwa kama wengine, akachomoa kola kama wengine, na Jumamosi moja ya mwaka 1978 akajikuta anatetea haki ya wananchi kumwondoa mtawala dhalimu, akaitetea vizuri hata wakampigia makofi, kisha akamfuata mwenye nyumba jikoni akiwa amekunja uso na kumwambia, "Sasa kaka, mimi niandike nini kwenye ripoti, na aliyesema ni mimi?" Walimsaidia kuiandika, wakamfanya kijana mmoja wa kigeni ambaye hakuwahi kuwepo aseme yote, na Bokungu aliendelea kuja hadi alipofariki mwaka 1993, muda mrefu baada ya waliomtuma kuacha kumlipa.

Wengi wenu mnazikumbuka Jumamosi hizo, harufu ya samaki wakavu na kwanga, mkate wetu wa muhogo, iliyokuwa ikitoka ndani, watoto waliokatazwa kupita mbele ya msemaji, na Wakili Onema akimwita mwenyeji wake "masjala inayotembea", naye akimjibu kwamba heri masjala kuliko wakili, masjala hulipwa hata ikinyamaza.

Tarehe 14 Januari 2006 ndiyo iliyovunja meza ile. Mwezi uliotangulia, mahakama ya mataifa huko Hague ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ambayo nchi yetu iliishtaki nchi jirani kwa vita vya mashariki, na swali la siku lilikuwa kwamba nchi ikishinda kesi, je, waliofiwa wametendewa haki. Wakili Onema alikuwa amempoteza dada yake mdogo mjini Kisangani, Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya mji, hivyo alipoona swali aliomba asichomoe, na Mzee Luzolo, kwa ukali ule wa haki ambao sote tuliujua, alimjibu kwamba mezani hakuna mfiwa, kuna pande mbili tu. Onema akachomoa, akapata kola, akawa hana budi kutetea kwamba hukumu ile ni haki, jambo ambalo asubuhi hiyohiyo alikuwa amelikana njiani.

Alisimama, akasema kwamba dada yake aliitwa Véronique Ashako, alikuwa anauza mikate mtaa wa Tshopo, kombora lilianguka jikoni kwake akiwa anakanda unga, na kwa miaka mitano na nusu kila ofisi aliyokwenda ilimpa pole kwa ajali, mpaka majaji wa mbali, wasioijua hata sura yake, walipoandika kwamba haikuwa ajali, lilikuwa kosa, na kosa hilo lina mwenyewe; hata kama hakuna chochote kitakachomfikia, alisema, Véronique sasa ameuawa, hakufa tu, na hiyo ni haki.

Zamu ya kujibu ilikuwa ya Mzee Luzolo, akarudisha neno kama ilivyompasa, akisema kwamba mwenzake anadai hukumu hugeuza ajali kuwa kosa, na kutangazwa kwa kosa ni sehemu ya haki. Onema akasema hajasikiwa. Akarudisha mara ya pili, kwa maneno machache zaidi na safi zaidi, na mara ya tatu kwa maneno ambayo yangeweza kuingia kwenye hukumu yoyote, na mara zote tatu hakulitamka jina, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja ulimi wake ulikuwa umezoea kuruka majina ili watu walale salama. Onema alichukua kofia yake akasema, "Hoja umeirudisha yote, Donatien. Mtu wangu umemwacha." Akatoka, na hakurudi.

Daftari la meza, ambalo mzee aliliandika kwa mkono wake, lina mstari mmoja siku hiyo: neno halijarudishwa. Aliandika barua nne kwenda Kintambo, nyumbani kwa Onema, tunazo nakala, na tatu kati ya hizo, kwa ukweli lazima tuseme, bado zilikuwa zinabishana. Ya nne ilikuwa na jina la marehemu Véronique, lakini ilirudi haijafunguliwa. Meza ilipungua, wengine walifariki, wengine walihamia ng'ambo, na kuanzia mwaka 2011 alikuwa akikaa barazani Jumamosi peke yake, akisikiliza habari za dunia na kuzipinga kwa sauti.

Tarehe 3 Mei 2017 alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya usemi wake, akalazwa wiki sita, akarudi nyumbani akiwa na maneno machache, na tulielewa kutokana na hayo machache kwamba anachoogopa si kufa, bali kufa kabla neno lile halijarudi kwa mwenyewe. Mama Albertine hakumwambia mtu, alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda Kintambo, akasimama mlangoni akakataa kiti, akasema, "Shemeji, sikuja kukuomba umsamehe. Kuna neno lako nyumbani kwangu, njoo ulichukue."

Mzee Onema alikuja Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 2017, akaketi kando ya kitanda, hakuuliza hali. Mpendwa wetu alianza saa tatu asubuhi, akarudisha neno kipande kwa kipande, akisimama kila mara kutafuta sauti, na rafiki yake hakumsaidia hata neno moja, hata pale sisi tulipotaka kumsaidia, naye akatuzuia kwa mkono. Ilipokaribia saa sita alifika kwenye jina, akalitamka vibaya, akarudi nyuma, akalitamka tena: Véronique Ashako, mkate, unga, jikoni, si ajali. Mzee Onema akasema, "Umenisikia," na kabla hatujafuta machozi akaongeza, "Haya, jibu sasa, zamu yako imekungoja miaka kumi na mmoja."

Naye akajibu, kwa siku alizobakiwa nazo, Jumamosi kwa Jumamosi, akipinga kwa hoja kwamba haki isiyomfikia mfiwa haijakamilika, hadi Mama Albertine alipolazimika kumtoa mgeni kwa ajili ya usingizi wa mgonjwa. Alifariki nyumbani kwake Lemba, Jumapili tarehe 12 Novemba 2017, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, mwezi mmoja na siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule aliyemfundisha upya kutamka, akavumilia mgonjwa wake amsahihishe Kifaransa. Inaishukuru Parokia ya Lemba. Majirani waliotuletea maji, viti na pondu, kisamvu chetu, tangu siku ya kwanza. Na makarani wa mahakama, wa zamani na wa sasa, waliokuja kwa basi moja. Tunamshukuru Mzee Philémon Onema, aliye hapa mbele yetu, ambaye alipoonyeshwa karatasi hii jana aliomba tuondoe mahali tulipoandika kwamba walipatana, kwa kuwa, anasema, walikuwa hawajamaliza, na hoja ya mwisho ya marehemu, ya Jumamosi ya kuamkia kifo chake, ilikuwa nzuri, na yeye bado anaitafutia jibu.

Mzee Luzolo, baba, mjomba, pumzika kwa amani.