Bi Zulma na Ubavu Kwenye Meza ya Antena

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bi Zulma Etcheverry anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike maneno ya furaha kwa ajili ya sherehe. Furaha ninayo tele: nimeolewa majuzi, na kila asubuhi naona mji wetu wa Tacuarembó wote umepakwa rangi mpya. Lakini leo nina hasira, na Bi Zulma ndiye aliyenifundisha kutoificha.

Alianza hapa kiwandani kwa kutengeneza redio za malori. Zilipokuja kola za ng'ombe, zenye kidude cha redio kinachomwambia mchungaji ng'ombe yuko wapi na kuishi miaka kwa betri moja ndogo, antena akakabidhiwa yeye. Redio ya namna hiyo hunong'ona tu. Antena ikikosea kidogo, mnong'ono hauvuki hata kilima.

Waya wa antena aliukata kama fundi cherehani anayepunguza pindo, jicho kwenye mashine ya kupimia. Pale kwenye kioo mstari huteremka na kufanya bonde. Bonde likikaa kwenye masafa yetu, antena iko sawa. Juu ya meza tupu, kila kola ilikuwa sawa. Ndipo Bi Zulma akaenda kwa Nieves mwenye bucha, akarudi na ubavu wa ng'ombe, akaufunga kola. Bonde likakimbia!

"Mmeona?" alitupigia kelele. "Meza hainyonyeshi ndama!"

Nyama imejaa maji na chumvi, nayo huivuta antena nje ya masafa yake. Akakata tena, akapima tena juu ya nyama, mpaka bonde likarudi mahali pake. Tangu hapo kila toleo la kola lilipita kwanza juu ya ubavu, na ubavu ukaishia kwenye makaa uani, kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, kikipita mkono kwa mkono.

"Zulma, hapa ni kiwandani au buchani?" aliuliza siku moja meneja wetu, Bwana Ledesma.

"Buchani wanapima kwa uaminifu, Ledesma. Sisi je?"

Msimu wa baridi uliopita Bi Zulma alifanyiwa upasuaji wa goti. Ofisi ikaharakisha, ikatoa kola zilizopimwa mezani tu. Zilipofika shingoni mwa ng'ombe, zikanyamaza. Darío wangu, mchunga ng'ombe mwenye macho ya rangi ya asali, wakati huo tukiwa wachumba, aliona kioo cha simu yake, kinachoonyesha ng'ombe walipo, ni kitupu, akadhani mto uliofurika umebeba kundi zima. Akaingia majini na farasi wake. Ng'ombe walikuwa nyuma ya kilima, wanacheua. Farasi alikufa maji. Darío aliokolewa na tawi la mti.

Bi Zulma alikuja hospitali kwa magongo, akalia, kisha akamgeukia Darío. "Mjinga wewe! Ulitaka kumfanya huyu mjane kabla hajakata keki?" Halafu akaenda kiwandani akatukana kila mtu kwa kufuata mishahara, akianzia juu. Kola zote zikarudishwa, na akazikata upya, mguu wake juu ya ndoo.

Sasa limebandikwa tangazo: kuanzia Julai kipimo cha nyama kinastaafu pamoja naye, ili kuokoa muda. Muda! Mtu anapewa saa ya ukutani na makofi, huku kazi ya maisha yake inafagiliwa nje kama maganda.

Bi Zulma alilisoma tangazo asipige kelele. Sikuwahi kuona jambo hilo. Alichukua koleo lake dogo la kukatia waya, akalitia kwenye mfuko wa koti langu.

"Nieves anakufahamu?"

"Ananifahamu."

"Basi asikupe mfupa mtupu."

Bwana Ledesma, Jumatatu ya kwanza ya Julai nitakuwa mezani na ubavu wangu. Ukitaka kuniondoa, pitia uani kwanza. Darío atakuwa anawasha makaa. Mweleze yeye habari za kuokoa muda.

Bi Zulma, asante. Mume wangu kila anapokwenda malishoni, kola zako zinanong'ona nami nalala usingizi. Uishi vizuri, goti lipone, ule nyama iliyonona. Na siku ukisikia sisi tumenyamaza, rudi utupigie kelele.