Bi Eufrazia Ndunguru, Aliyeuliza Kilichofuata

Tarehe 3 Mei 1993 Bi Eufrazia Ndunguru aliingia katika lango la Mwangwi Wachapaji, hapa Chang'ombe, akiwa mkunjaji wa karatasi. Tarehe 30 Juni 2025 atatoka katika lango hilo hilo akiwa msomaji mkuu wa miswada, baada ya miaka thelathini na miwili na siku hamsini na nane. Katikati ya tarehe hizo zimepita mikononi mwake hadithi za majini na mazimwi, za falme zilizo chini ya ardhi na za watu wenye nguvu zisizo za kawaida. Wengi wetu tulizisoma tangu shuleni, tukazigombania, tukazificha chini ya dawati. Hatukujua kwamba kuna mtu mmoja aliyezichambua kutoka katika lundo kama mtu anayechambua mchele wenye chuya nyingi.

Alizaliwa Mbinga mwaka 1965, akasoma hadi kidato cha nne, akaja Dar es Salaam kwa dada yake aliyekuwa akiishi Tandika. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kukunja. Wasioijua kazi hiyo wafahamu kwamba karatasi kubwa ya chapa haifuati mpangilio wa kitabu. Ukurasa wa kwanza hukaa jirani na wa kumi na sita, na wa nne jirani na wa kumi na tatu. Mkunjaji akiiba muda wa kusoma, anapata vipande tu: mtu anakufa hapa, pembeni yake anaposwa. Bi Eufrazia aliviunganisha vipande hivyo kichwani huku mikono ikikunja, na jioni aliweza kuwasimulia wenzake kitabu kizima.

Ndivyo alivyojulikana. Tarehe 11 Agosti 1997 alipanda ngazi hadi ofisini kwa mkurugenzi, Mzee Projestus Kamugisha, akamweleza kwa adabu kwamba zimwi lililouawa ukurasa wa 44 linakunywa chai ukurasa wa 61. Wahariri wawili walikuwa wameupitisha mswada ule. Mzee alifungua kurasa zote mbili, akaziangalia kwa muda, kisha akauliza chai yenyewe ilikuwa na maziwa au ya rangi. Bi Eufrazia alijibu kwamba ilikuwa ya rangi. Kuanzia wiki iliyofuata, kila hadithi iliyoletwa kiwandani ilipita kwanza kwake.

Hakuwa na shahada ya fasihi, lakini alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Mswada wa hadithi za ajabu aliuuliza nani anachota maji katika ufalme ule na takataka zinatupwa wapi. Usipojibu, ufalme haupo. Mswada wa shujaa aliuuliza kitu kimoja: "Niambie kwanza asichokiweza." Na hadithi ya kutisha aliisoma kwa sauti saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya bati, katikati ya chumba cha kujalidi vitabu, wanawake wakiendelea kushona na kubandika. Alipoulizwa kwa nini asiwasomee jioni giza likiingia, alijibu: "Hadithi inayohitaji giza ili itishe, basi kinachotisha ni giza."

Kipimo cha mwisho kilikuwa ndugu yetu Nurdin Mnali, fundi wa mashine ya kukatia karatasi, mtu wa Lindi, ambaye ana sauti ndogo na mashine yenye sauti kubwa. Bi Eufrazia hakuwahi kumwomba aizime. Alisoma tu, akipaza sauti juu ya ngurumo. Hadithi ikiwa ya kawaida, Nurdin alikata karatasi hadi mwisho. Hadithi ikiwa yenyewe, mashine ilinyamaza bila mtu kusema neno, na tukimgeukia tulimkuta amesimama, mkono juu ya swichi, mdomo wazi kidogo. Nimezihesabu siku hizo katika shajara zangu. Kwa miaka yote hiyo mashine ilizimwa mara kumi na tisa. Vitabu kumi na saba kati ya hivyo kumi na tisa vimechapishwa zaidi ya mara moja.

Msimuliaji wa maisha ya kazi ya Bi Eufrazia hawezi kuukwepa mwaka 2014.

Tarehe 13 Januari mwaka huo Mzee Projestus alituita wote uani. Alisema Kitengo cha Hadithi kitapewa kitabu kimoja cha mwisho. Mswada ukamilike kabla ya Aprili kwisha, na kitabu kisipotoka ghalani, kitengo kinafungwa na wanawake watano wa kujalidi wanarudi nyumbani. Kiwanda kitabaki na madaftari, kalenda na kadi za harusi. "Mama Ndunguru, nakuheshimu," alisema, "lakini majini na watu wanaoruka hawatatuweka mjini."

Bi Eufrazia alikuwa na miswada thelathini na nane katika boksi. Aliisoma mmoja baada ya mwingine, na mashine haikunyamaza. Tarehe 4 Machi, Jumanne, alitoa madaftari mawili ya shule yaliyofungwa katika mfuko wa plastiki. Juu yake paliandikwa "Tusajigwe, Tegeta", bila namba ya simu.

Ilikuwa hadithi ya Sikudhani, mwanamke anayesikia nyumba inapotaka kuanguka. Akiweka viganja ukutani, nyumba inasimama. Asichokiweza ni kusema uongo: akisema uongo hata mdogo, nguvu zinamtoka. Kwa hiyo hana rafiki, mchumba amemkimbia, na mama mwenye nyumba hampendi kabisa. Nurdin alizima mashine kabla ya daftari la kwanza kufika katikati. Daftari la pili lilisomwa kesho yake na mashine haikuwashwa kabisa. Mwishoni mwa daftari hilo Sikudhani amelishikilia ghorofa lenye nyufa, ndani wamo watu arobaini na mmoja, na mama mmoja ambaye mwanawe yuko ghorofa ya tatu anamshika bega na kumuuliza: "Utaweza?"

Bi Eufrazia akafunua ukurasa. Palikuwa na jedwali la kuzidisha, lile la nyuma ya daftari.

Naandika yaliyosemwa kama nilivyoyaandika siku ile, kwa sababu sijawahi kukiona chumba kile kikiwa vile. Mwanakombo, aliyekuwa akishona vitabu tangu kabla ya wengi wetu, alisema, "Hee, Mama, endelea basi." Bi Eufrazia akasema imeisha. "Imeishaje na watu wako ndani?" Mtu mmoja akasema labda atamjibu ndiyo ili kumtuliza. Mwanakombo akamgeukia: "Akisema ndiyo na hana hakika, si ndiyo ghorofa linashuka? We ulikuwa unasikiliza nini, au gundi imekuingia masikioni?" Wakabishana hadi chakula kikapoa. Nurdin, ambaye kwa kawaida hutoa maneno matatu kwa siku, alisema, "Mie mashine siwashi mpaka nijue."

Aliiwasha, maana kalenda za watu zilikuwa zinangoja. Lakini Bi Eufrazia alikwenda ofisini kusema kwamba kitabu amekipata, isipokuwa hakina mwisho na mwandishi hajulikani aliko. Mzee Projestus alimwonyesha mswada wa mzuka ambao ulikuwa umekamilika na kupigwa chapa vizuri. Alimwambia achague kilicho mkononi. Hapo ndipo Bi Eufrazia alipoweka kazi yake mezani. Alisema mzuka ule aliusoma saa nne asubuhi na hata nzi hakushtuka. Akasema Aprili ikiisha bila daftari la tatu, jina lake liwe la kwanza katika orodha ya wanaoondoka, na wale watano wafikiriwe kwanza kukiwa na kazi katika upande wa madaftari. Mzee alikubali kwa maandishi. Barua hiyo ipo katika faili lake.

Alianza kumtafuta Tusajigwe. Alichokuwa nacho ni jina na hadithi yenyewe, akaisoma upya akitafuta mkono ulioiandika. Aliona kwamba nondo zimetajwa kwa unene wake, saruji kwa daraja lake, na kokoto kwa namna ambayo mtu wa kawaida hawezi kuijua. Aliyeandika haya, alisema, anauza vifaa vya ujenzi. Jumamosi nne mfululizo alikwenda Tegeta baada ya kazi, akapita duka hadi duka akiwa na mkoba wake na miwani shingoni. Wenye maduka walidhani ni mtu wa ukaguzi. Mmoja alimletea kiti, soda na leseni, akasema kwa upole, "Mama, kila kitu kipo sawa hapa."

Tarehe 29 Machi alimpata, nyuma ya kaunta ya duka moja karibu na Kibaoni. Alikuwa karani wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Tukuyu, mkimya, akiandika stakabadhi ya misumari. Alimwamkia, "Shikamoo, Mama," akamuuliza anahitaji nini. Bi Eufrazia alisema anahitaji daftari la tatu.

Tusajigwe alisema halipo. Hakulipoteza, hakuliandika. Alikuwa ameyapeleka yale mawili kwa watu wanne kabla ya kutuletea sisi, na wote walimpongeza. Walisema lugha nzuri, mwandiko mzuri, Mungu amekupa kipaji. "Lakini Mama," alisema, "hakuna hata mmoja aliyeniuliza kilichofuata. Nikajua hawajasoma, au wamesoma na hawakujali. Nikaacha."

Bi Eufrazia hakumpongeza. Alimwambia: "Nurdin amegoma kuwasha mashine. Mwanakombo amegombana na watu. Kuna wengine arobaini na mmoja wamekwama ndani. Nimetumwa nikuulize." Binti yule alikaa juu ya mfuko wa saruji. Kisha akauliza, "Nurdin ni nani?"

Kuanzia siku hiyo Bi Eufrazia alikwenda Tegeta kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa. Hakumfundisha kuandika. Tusajigwe mwenyewe ametueleza kwamba Mama alikaa kwenye benchi la wateja, akasoma kurasa zilizokuwa tayari, na alipozimaliza aliinua macho na kusema neno moja tu: "Halafu?" Wiki ya pili ya Aprili Tusajigwe aliumwa malaria, na siku sita zikapita bila ukurasa. Wanawake wa kujalidi walikuwa wameanza kugawana mikasi yao. Daftari la tatu lilifika tarehe 28 Aprili, likiwa limebaki na harufu ya rangi ya mafuta, na lilisomwa saa nne asubuhi, Mzee Projestus akiwa amesimama mlangoni.

Mstari wake wa kwanza wengi mnaujua. "Utaweza?" aliuliza yule mama, na Sikudhani akamjibu: "Sijui. Watoeni upesi." Ghorofa halikutikisika, kwa kuwa alilosema lilikuwa kweli.

Nimeishi miaka mingi katika kiwanda hiki na nimesikia kelele za kila aina. Ukimya ule sijausikia tena. Mzee Projestus aliondoka mlangoni, na baada ya dakika kumi ikashuka karatasi yenye sahihi yake: nakala elfu tatu. *Viganja vya Sikudhani* kilitoka Juni. Kufikia Septemba ghala langu halikuwa na hata nakala moja, na nilikuwa nikipigiwa simu kutoka saluni za Kinondoni na vituo vya bodaboda vya Temeke na watu waliotaka kujua cha pili kinatoka lini. Wanawake wale watano wapo hapa leo, isipokuwa mmoja aliyestaafu kwa heshima mwaka 2021. Kitengo kina watu kumi na mmoja.

Isidhaniwe kwamba Bi Eufrazia hakukosea. Mwaka 2006 alikataa hadithi ya mamba anayegeuka mwanasheria, ikachapishwa kwingine na kupendwa mji mzima. Aliinunua, akaisoma, akasema, "Nilikuwa na mafua siku ile." Pia mama huyu aliyezoea mazimwi ya kila umbo anakimbia mjusi, na mwaka 2018 kiwanda kilisimama nusu saa kwa sababu hiyo.

Lakini lililo kubwa kuliko yote tumeligundua mwezi uliopita tu, tulipokuwa tukifunga makabati yake. Kabla ya mwaka 2014, miswada iliyokataliwa ilirudishwa na kadi iliyopigwa chapa: tunashukuru, hatutaweza kuichapisha. Baada ya siku ile ya Tegeta Bi Eufrazia aliacha kuzitumia kadi hizo. Alimwandikia kila mtu barua kwa mkono, akabaki na nakala. Tumezihesabu: elfu moja mia nne na sita. Zimekwenda Newala, Kasulu, Kilosa, Pemba, gereza moja na shule nyingi mno. Hakuna iliyomsifu mtu na hakuna iliyomvunja moyo. Kila moja inakataa katika mstari wa kwanza, kisha inauliza. Je, yule jini alipokosa chupa yake alilala wapi? Dada aliyebaki kisimani alipandaje? Mtoto mwenye mabawa aliwaambia nini wenzake darasani siku ya pili?

Walioandika tena kujibu ni mia mbili na thelathini na wawili. Vitabu sita vya mashine kuzimwa vilianza kwa namna hiyo, kama majibu kwa barua ya kukataliwa. Kwa hao wengine hatujui kilichotokea, isipokuwa kwamba pale walipo, kila mmoja ana karatasi inayothibitisha kuwa alisomwa hadi mwisho na mtu aliyetaka kujua.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya watu elfu moja mia nne na sita ambao hawatakuwepo ukumbini, tunasema asante. Unarudi Mbinga kwenye kahawa yako na wajukuu wako, na umetuahidi kwamba sasa utasoma ukiwa umelala na utaacha kitabu katikati kikikuchosha. Umestahili. Mungu akupe macho mazima, baridi isiyozidi, na siku nyingi zenye utulivu. Ukitukumbuka, Mama, tuandikie. Sisi tutakuuliza kilichofuata.

Imeandikwa na Gervas Mapunda,
karani wa ghala, Mwangwi Wachapaji