Bi Rawiya Hamoud na Saa ya Darini

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Bi Rawiya Hamoud atastaafu baada ya kuitumikia Redio Mrashi kwa miaka ishirini na minne, yote akiwa fundi mitambo, yote ndani ya nyumba hii ya Mkunazini, Unguja, yenye ngazi za kumtoa mtu roho. Siku hiyo hiyo, pilau likishaliwa, saa aliyoitunza miaka yote hiyo itazimwa. Uongozi umeniomba niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nimejaribu, na msomaji ataona mwenyewe nilipokwamia.

Kwa mlioajiriwa karibuni, nieleze kwanza saa yenyewe. Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo cha jiwe kinachohesabu nukta, yaani sekunde. Joto likizidi, nacho huhesabu ovyo, na kompyuta ikiachwa peke yake hutangulia au huchelewa nukta mbili tatu kwa siku. Ni kidogo, lakini haisahau kuongeza juu ya kosa la jana. Kwa hiyo lazima iwe na mahali pa kuuliza saa. Bi Rawiya alipoanza kazi mwaka 2002, mahali penyewe palikuwa redio ya masafa mafupi iliyokaa juu ya meza yake. Kila asubuhi aliitegea sikio, akisubiri milio sita ya idhaa moja ya nchi za mbali inayotangaza saa kamili, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mkuu wa matangazo ya biashara wa wakati huo alipiga chafya kwenye mlio wa tano, akarushiwa kandambili. Wanaomkumbuka wanasema hakuwahi tena kupiga chafya asubuhi, hata siku za mapumziko.

Mwaka 2004 kikaja kipokezi cha setilaiti. Juu ya dari, paa letu bapa lililo wazi, palifungwa antena yake, kofia nyeupe ukubwa wa kikombe cha kahawa kilichofudikizwa, na waya ukateremshwa mpaka chumba cha mitambo. Setilaiti hizo zimebeba saa sahihi mno. Ile kofia huzisikiliza kadhaa kwa pamoja, na kipokezi hupiga hesabu, kikaiambia kompyuta: nukta hii, sasa. Kompyuta hujipima, ikajisogeza polepole mpaka ikae sawa. Uongozi wa siku zile uliuliza kama itashika mpira wa Ulaya. Majirani nao waliuliza hayo hayo, na mmoja alileta televisheni yake kabisa mpaka mlangoni. Bi Rawiya aliipaka kofia ile rangi ya chokaa isionekane kutoka njiani, akazozana na kunguru waliokuwa wakiudonoa waya, na kunguru ndio waliohama.

Kazi kubwa ya saa ile ilikuwa Magharibi. Kompyuta yenyewe ndiyo inayoanzisha adhana hewani, kwa mujibu wa ratiba ya sala. Ramadhani, watu wengi wa kisiwa hiki, hasa wa shamba walio mbali na msikiti, hushika tende mkononi wakatusubiri sisi.

Sasa nimefika mwaka 2007, na uchangamfu wangu unaishia hapa.

Mwanzoni mwa Mfungo Tisa mwaka ule, miezi mitatu kabla ya Ramadhani, mume wa Bi Rawiya, Bwana Mansour, alifariki dunia. Mkewe akaingia eda, nyumbani kwake mtaa wa Malindi, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Wiki ile ile nyumba ya jirani yetu ilianza kugeuzwa hoteli, na mafundi wakawa wanapiga chokaa ukuta unaopakana na dari letu. Fundi Shamsi, mtu mpole ambaye mpaka leo hukwepa kupita mbele ya mlango wetu, aliiona ile kofia ndogo akaogopa chokaa isije ikaiharibu mali ya watu. Akachukua karai lake la chuma, akalifudikiza juu ya kofia, akaweka na jiwe ili upepo usilipeperushe. Alifanya wema. Kazi ikaisha, mafundi wakaondoka, karai likasahaulika.

Chini ya chuma hakuna setilaiti inayosikika. Katika chumba cha mitambo taa ya kijani ya kipokezi iligeuka nyekundu, na watu wakapita mbele yake wakienda kunywa chai. Aliyejua maana ya taa ile alikuwa edani. Kompyuta ikabaki peke yake na joto lake, inatangulia kila siku kidogo, Rajabu, Shaabani, mpaka Ramadhani ikaingia.

Mtaniuliza: watu hawakuona? Enzi zile simu nyingi mwenyewe ndiye anayezitia saa, na watu wa Unguja walizitia kwa kutusikiliza sisi. Tulipokosea, saa za mikononi na za ukutani zilikosea pamoja nasi kwa utiifu mkubwa. Msikiti ulioadhini baada yetu ulidhaniwa kuwa ndio uliochelewa.

Aliyeona alikuwa Bi Rawiya. Dirisha lake la ghorofani linatazama bahari. Siku moja ya kumi la mwisho la Ramadhani amekaa pale, tende mkononi, redio yake ikaadhini, na mbele yake jua zima limekaa juu ya maji. Aliirudisha tende sahanini. Akapiga simu studio, akapokewa na mtangazaji wa zamu ambaye alikuwa ameshamaliza uji.

"Bi Rawiya, wewe umo edani, pumzika. Mitambo tuachie sisi."

"Mwanangu, jua nnaliona kwa macho yangu! Zima!"

Alicheka, yule kijana, akamtakia futari njema.

Asubuhi yake Bi Rawiya alivaa buibui, akatoka. Alipanda ngazi zetu zote mpaka darini, akaliona karai na jiwe lake. Alipoliondoa, taa ilirudi kijani baada ya muda, na kipokezi kikasema kweli: tulikuwa mbele kwa dakika tano na ushei. Kompyuta ilikataa kuamini. Kosa likiwa kubwa kiasi kile, hudhani anayeisahihisha ndiye mwongo, kwa hiyo ilibidi aisimamishe na kuitia saa kwa mkono, akiwa amesimama, buibui halijavuliwa.

Mji mzima ulizungumza. Haukuzungumzia saumu. Ulimzungumzia mjane wa Mansour aliyetoka eda kwenda kupanda ngazi za redio. Hadi leo ukiwauliza watu wazima wa Malindi juu ya Ramadhani ile, watakuhadithia buibui. Inanichoma, na sijui nimkasirikie nani.

Baada ya hapo likaja swali ambalo halijapata jibu na halitapata: tangu lini? Ratiba ya sala imewekewa dakika chache za tahadhari, basi siku za mwanzo huenda hazikuwa na neno. Huenda. Siku gani hasa kosa lilizimaliza dakika zile, ikawa watu wanafuturu na jua liko juu? Kumbukumbu za kompyuta zilikuwepo zote, lakini kila mstari umeandikwa kwa saa ile ile iliyopotoka. Bi Rawiya alizipekua mpaka macho yakamvimba. Alikwenda kwa sheikh, akaambiwa watu walipe siku walizo na yakini nazo, na kwamba yeye hana dhambi. Alishukuru. Yakini aliyokuwa nayo ilikuwa ya siku moja, ile aliyoiona kwa macho.

Aliomba litolewe tangazo kila siku mpaka Idi, watu waambiwe walipe, na wenye shaka na siku za nyuma wazilipe nazo. Mkurugenzi wa wakati ule alimjibu kuwa tutawatia watu wasiwasi bure, tena wafadhili wa kipindi cha futari wasingependa. Likasomwa mara moja, adhuhuri, baada ya matangazo ya vifo, wakati akina mama wameshazima redio wameingia jikoni.

Mafanikio yake baada ya mwaka ule ni mengi, nami nimeagizwa niyataje. Alidai kipokezi cha pili, akapewa. Ile redio ya masafa mafupi hakuitupa. Aliiunganisha iwe shahidi wa tatu, kwa sababu saa mbili zikipingana hujui ipi inadanganya, lakini zikiwa tatu, ile moja hujulikana. Alifunga kengele inayolia taa ikiwa nyekundu, na wote tumeshawahi kuitukana. Mtandao ulipokatika kisiwani, saa zetu hazikupotea hata nukta moja. Kila asubuhi aliitazama taa kwanza, ndipo akatusalimu.

Nisije nikamfanya malaika. Bi Rawiya ni mkali, mbishi, na hasahau. Amewahi kunimwagia chai yangu dirishani kwa kuingia nayo chumba cha mitambo, na kikombe ndicho alichonirudishia. Wanaomjua tangu zamani wanasema alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka njiani. Mimi nimeajiriwa mwaka 2009 na sijakisikia. Ramadhani hafuturu kwa redio yoyote. Hupanda darini kulitazama jua mwenyewe, na likishazama bado huchelewa. Sheikh amemkemea kwa kuchelewesha. Humwitikia, kesho yake akachelewa tena.

Dari hilo limekodishwa. Hoteli ya jirani itaweka mkahawa wake huko, na juu yake mabati, kutoka ukuta mpaka ukuta. Bi Rawiya aliingia ofisini kwa mkurugenzi wetu wa sasa akaomba kitu kimoja: "Niachieni nafasi ya karai moja tu." Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, alimjibu kwa tabasamu kuwa siku hizi kila mtu ana saa mfukoni, na kompyuta zetu zitachukua saa mtandaoni. Hakusema uongo. Saa ya mtandaoni ni sahihi maadamu mtandao upo na maadamu kuna mtu anayeangalia. Lakini fundi wa kushika nafasi yake hajaajiriwa, na nilipouliza nani ataitazama taa, niliambiwa taa haitakuwepo. Kifungu cha sita cha ratiba ya Jumanne kinasomeka: Bi Rawiya kuizima saa na kukabidhi ufunguo wa dari. Kamati ya sherehe ilitaka pia kumzawadia saa ya ukutani. Namshukuru Nadra wa masijala aliyewazuia.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake Malindi kuchukua habari za wasifu huu. Alisema hataki sifa, anataka aya moja. Naiweka kama alivyoitamka:

"Mliofuturu kwa adhana ya Redio Mrashi Ramadhani ya mwaka 2007, siku ile ya kumi la mwisho haikutimia. Ilipeni. Na za kabla yake, mwenye shaka azilipe. Waliokwishakufa, watoto wao wawalipie. Mimi Rawiya nakutakeni radhi."

Nilimwambia jarida hili tunalisoma sisi wenyewe, watu arubaini hatufiki, na nusu yetu mwaka ule walikuwa skuli ya msingi. Halitamfikia mtu. Alijibu kuwa anajua.

"Iandike tu, Kheir."

Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka kumi na saba sikulijua. Wiki yangu ya kwanza kazini, kwa kujipendekeza kwa wakubwa, niliwasifia redio yao. Nilisema marehemu mama yangu, Bi Mwanapili, mkulima wa mwani kule Kiwengwa, alikuwa hafuturu mpaka asikie Mrashi, hata Ramadhani yake ya mwisho, ya mwaka 2007. Kiwengwa jua halizami baharini, linazama nyuma ya minazi, na mama hakuwa na pa kulitazamia zaidi ya redio. Alifariki Mfungo Tatu, miezi miwili tu baada ya Ramadhani ile. Niliyasema hayo nikicheka. Bi Rawiya aliinuka akatoka bila kuaga, nami nikamwona hana adabu.

Tangu siku ile, kila mwaka, anamfungia mama yangu saumu. Hajui ni siku ngapi, kwa hiyo haachi.

"Wengine siwajui majina," aliniambia. "Mamaako namjua."

Nilirudi kwa miguu mpaka Mkunazini, nikaketi mbele ya ile taa ya kijani nikalia, mtu mzima mimi.

Bi Rawiya, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Redio Mrashi, ahsante kwa kila nukta. Msamaha unaoutafuta hatuwezi kukupa sisi, na walioweza wengi wao wako makaburini. Tunakutakia maisha mema na afya njema, na siku moja ukifuturu mapema, uifurahie tende yako. Ila saumu ya mama yangu niachie mimi, ni deni langu. Nimeanza leo. Jua likikaribia kuzama nitapanda darini kulitazama, maana mpaka Jumanne ufunguo bado unao wewe, nami nitakuja kuuomba.

Kheir Pandu
Idara ya Vipindi