Eila Pöyhtäri, Aliyetukataza "Kwa Sababu"

Ijumaa tarehe 29 Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya takwimu ya taasisi yetu ya utafiti wa elimu hapa Oulu, Eila Pöyhtäri anastaafu. Anatuachia kiti chake, kikombe kilichovunjika mkono, na sheria moja ambayo imetugharimu unga mwingi.

Sheria yenyewe ni hii: yeyote atakayeona mambo mawili yanakwenda pamoja kwenye takwimu, akasema moja limetokea "kwa sababu" ya jingine bila ushahidi, Ijumaa anailetea idara nzima maandazi ya iliki. Mimi nilinaswa wiki yangu ya kwanza. Nilitangaza kwamba watoto wenye vitabu vingi nyumbani hufaulu kwa sababu ya vitabu hivyo. Eila akaniuliza kwa upole, "Riku, hivyo vitabu umevihoji mwenyewe?" Nilioka. Yaliungua, na waliyala yote huku wakinicheka.

Alikuja kwetu akitokea kufundisha hesabu Kemijärvi, na ualimu haukumtoka. Ukimpelekea wastani wenye tarakimu nne baada ya nukta, alizikata kwa kalamu nyekundu na kuuliza kama unapima watoto au dhahabu. Ukimpelekea tofauti ya alama ambayo kompyuta imeithibitisha, aliuliza kama mwalimu angeiona darasani. Na kabla ya hesabu yoyote alichora: kila mtoto nukta moja, kwenye karatasi, kwa mkono. Wapo waliosema anapoteza muda. Waliacha kusema baada ya Kuukasjoki.

Kuukasjoki ni kijiji cha wafugaji wa kulungu wa nchi za theluji huko kaskazini, chenye shule ndogo. Mwaka mmoja, siku nyingi zilizopita, wastani wake katika mtihani wetu wa kusoma ulianguka vibaya, na halmashauri, iliyokuwa ikitafuta shule ya kufunga, ilisubiri ripoti yetu tu. Shule ikifungwa, watoto wa darasa la kwanza wangepanda basi gizani asubuhi na kurudi gizani. Ripoti ilikuwa imekwishachapwa. Eila akachora nukta zake, akakuta kundi zima limelala kwenye sifuri.

Alimwendea mkurugenzi wetu wa wakati huo, Tauno Hyvönen.

"Tauno, mtihani huu ni wa kuchagua jibu. Mtoto asiyejua kitu hubahatisha, na akibahatisha hakosi kupata mawili matatu. Hawa hawakuwepo."

"Wastani ni wastani, Eila. Na ripoti ishachapwa."

"Basi ipeleke sauna, itawasha jiko vizuri."

Akapiga simu shuleni. Mwalimu alicheka: siku ya mtihani nusu ya watoto walikuwa zizini na wazazi wao, kulungu wakitengwa kila mmoja kwa mfugaji wake, kama ilivyo kila vuli. Nafasi zao ziliachwa wazi, na kompyuta yetu ikazisoma kuwa sifuri. Kosa lilikuwa letu. Tauno, na tumsifu kwa hilo, alizibeba ripoti zile mwenyewe hadi kwenye pipa la taka.

Hesabu mpya haikuipamba shule. Ilikuwa ya kawaida tu, na Eila aliandika hivyo hivyo, akaongeza kwamba katika shule ndogo hata mtoto mmoja akiugua, wastani huyumba. Halmashauri ilibishana mpaka kahawa ikaisha, ikaiacha shule wazi. Wanakijiji walipomletea nyama kavu ya kulungu kumshukuru kwa kuiokoa, alipokea nyama akakataa shukrani. Madiwani walikuwa na mengi vichwani, alisema, na hakuna aliyepima ni lipi lililowageuza.

Eila, tutakukosa sana, na kalamu yako nyekundu tutaikosa pia. Nenda Kemijärvi ukavue samaki bila kutafuta wastani wao. Afya iwe yako, na miaka iliyo mbele ikutendee wema kama ulivyotutendea.

Ila kuna jambo moja. Shule ya Kuukasjoki ingali wazi, na mwalimu wake wa darasa la kwanza leo ni mmoja wa zile nukta ulizozikuta zimelala kwenye sifuri. Kwa hiyo nasema mbele ya idara nzima: iko wazi kwa sababu yako. Ushahidi sina. Maandazi yapo mezani, na safari hii hayakuungua.